Paipu Saba za Breki

Kaeni vizuri. Leo nawaletea kesi, maana mimi imenishinda kuiamua.

Huko Mbeya, kwenye miteremko ya viazi, palikuwa na watu watatu. Bibi Subilaga alikuwa habembelezeki. Fundi Ambindwile alikuwa hatupi kitu. Mkaguzi Tumaini, mtu wa serikali wa kukagua magari, alikuwa haamini neno mpaka aguse kwa mkono. Na palikuwa na Tumpale, mjamzito wa miezi saba, ambaye kipaji chake kilikuwa kushuku watu tu. Safari hii alikuwa na haki.

Mumewe, Lusajo, aliendesha pikapu mpya ya kubeba viazi. Siku moja ilimshinda mteremkoni, ikaangukia shambani kwa Bibi Subilaga, na utingo wake, Gwamaka, akafa papo hapo. Polisi wakasema ni uzembe. Lusajo akatupwa rumande.

"Nilikanyaga breki, ikazama mpaka chini," alimwambia mkewe.

Tumpale alimtazama sana. Lusajo na pombe ya ulanzi walikuwa wanafahamiana. Aliona aibu kumshuku mumewe, lakini alimshuku.

Siku ya tatu akaja bwana wa kampuni iliyouza pikapu zile, viatu vinang'aa, anataka kununua mabaki kama chuma chakavu. Kijijini pale, gari likiangukia shamba haliondoki mpaka mwenyekiti wa kijiji apime hasara.

"Mwenyekiti hajaja," Bibi akasema.

Bwana akapandisha bei. Akapandisha tena.

"Chuma kimepondeka hivi, mjukuu wangu, na bado unakililia? Una siri gani nacho?" Bibi akaleta kigoda, akakaa kando ya gari siku nne.

Habari hiyo ilipomfikia Tumpale, mawazo ya ulanzi yakamtoka. Akaenda gereji kwa Ambindwile kuulizia pikapu zile. Wateja wa pale huamini kila fundi ni mwizi, kwa hiyo Ambindwile humwonyesha mtu kifaa kibovu alichokitoa. Kisipochukuliwa, hukitundika kwenye waya pamoja na namba ya gari. Tumpale akaona paipu sita za breki, zote za pikapu kama ya Lusajo, zote zimelika mahali pamoja.

"Umeanza kuzitundika lini?"

"Mwezi wa nne."

"Gwamaka amekufa mwezi wa saba, Fundi."

"Dada yangu, mimi fundi wa chini ya bati, nani angenisikiliza?"

"Ulimwambia nani, akakataa kusikiliza?"

Tumpale alimchukia, na hapohapo akamwomba ule waya. Akaupeleka ofisi ya serikali.

Mkaguzi Tumaini akaja. Tumpale alimkuta akinywa chai na yule bwana wa viatu, akauliza, "Mmeshaelewana?"

"Ameniambia wana pikapu mpya stoo, haijatembea," Tumaini akajibu. "Twende."

Kwanza alilala chali chini ya mabaki, akatoka na paipu ya saba, imelika palepale. Kisha akalala chini ya ile ya stoo, ambayo haikuwahi kuguswa na fundi wa mtaani. Paipu yake ilitoka kiwandani ikiwa inasugua fremu. Wakubwa wakampigia simu aende polepole. Hakwenda polepole. Akatia sahihi amri kwamba pikapu zote za aina ile zirudishwe zirekebishwe, na Lusajo akaachiwa.

Mtoto wa kiume akazaliwa. Lusajo akasema apewe jina la aliyemtoa rumande, na bahati nzuri majina ya Bibi, Fundi na Mkaguzi hayachagui mvulana wala msichana. Wote wakaja.

"Bila mimi gari lingeshayeyushwa," akasema Bibi.

"Bila waya wangu nani angeita serikali?" akasema Fundi.

"Na bila sahihi yangu?" akasema Mkaguzi.

Tumpale akawatazama mmoja mmoja. Bibi alikuwa analinda viazi vyake. Mkaguzi alifanya kazi anayolipwa mshahara. Na Fundi, laiti angesema mwezi wa nne!

Mlango ukagongwa. Akaingia mama yake Gwamaka, khanga begani, akampakata mtoto bila kuomba.

"Kama gari lisingemuua mwanangu," akasema taratibu, "kuna ambaye angekuja kulitazama?"

Fomu ya cheti cha kuzaliwa iko mezani, na Tumpale ameshika kalamu. Je, wewe ungemwandika nani?