Mkanda wa Bwana Sarahani

Mjane Sikudhani alishona mikanda katika kibanda alichoachiwa na marehemu mumewe, kwenye kiwanja cha Bwana Sarahani, tajiri mwenye kitambi.

Siku moja Sarahani akasema mbele ya wateja, "Nishonee mkanda. Nta utakayoipaka kingoni mwake ikibanduka kabla ya mwaka, unahama kiwanjani kwangu."

Sikudhani alijua hakuna nta inayostahimili jasho la mwaka mzima. Akachukua tepu. "Nikupime, bwana?"

"Unipime nini? Kiuno inchi thelathini na mbili, tangu harusi yangu!"

"Mashallah! Mwili wa kijana."

Akakata ngozi alivyoambiwa, akaisugua nta kingoni mpaka ikang'aa.

Mwaka ulipotimia, akamwita Sarahani aulete mkanda mbele ya wateja walewale. Kingo ziling'aa kama jana.

"Huu ni ujanja!" Sarahani akafoka. "Nta haikubanduka kwa sababu…"

"Sababu gani, bwana? Hukuuvaa?"

Watu wakalitazama tumbo lake. Akalivuta ndani.

"Nimeuvaa kila siku!"

"Alhamdulillahi, basi sihami. Ufunge kidogo, tuone ulivyokukaa."

"Nina haraka," alisema Sarahani, akaondoka ameukunja na kuubana kwapani.