Kidole Gumba cha Waziri

Hapo zamani, katika mji wa Kiwambale, palikuwa na mpishi fukara jina lake Faki Makoko. Kazi yake ilikuwa kupika karamu za maskini, na mali yake yote ni masufuria matatu ya shaba aliyorithi kwa mamaye. Kwa kisamvu na dagaa aliweza kulisha arusi nzima, watu wakaondoka wakilamba vidole. Ikawa sifa zake zimevuma hata zikamfikia Waziri Shaibu, naye hakupenda sifa isiyo yake.

Basi Waziri akamwendea Sultani Harithi, akasema, "Ewe bwana wangu, yuko mpishi ajigambaye kuwa chakula chake chapita cha jumba lako." Wallahi, Faki hakusema hivyo. Mtu mwenye kuni mbichi na wageni mia atapata wapi nafasi ya kujigamba?

Sultani alikuwa amekinai biriani hata akiiona hupiga miayo. Akaamuru Faki aletwe, akamwambia, "Ijumaa utawalisha wageni wangu arobaini chakula ambacho jicho langu halijapata kukiona. Nawe usinunue kitu, hata chumvi. Ukishindwa, masufuria yako nitayayeyusha niundiwe vitasa vya milango, nawe utahama mji."

Faki akaingiwa na hofu, maana mpishi bila sufuria ni mdomo mtupu. Hata hivyo akainama, akasema, "Nimesikia, bwana wangu. Naomba ruhusa tu ya kutumia kilichomo jumbani mwako."

"Umepewa," akajibu Sultani.

Ijumaa ikafika, masinia yakaletwa yamefunikwa kwa kawa. Yalipofunuliwa, ulikuwamo ugali wa mtama, kisamvu cha nazi na dagaa wa kukaanga.

"Ni nini hiki?" akauliza Sultani, macho yamemtoka.

Waziri akatahayari. Alikuwa amelelewa kwa chakula hicho, lakini kwa miaka ishirini alijinasibisha na ukoo wa kifahari, na akisema anakijua ataulizwa alikila wapi. Basi akasema, "Hata mimi sijapata kukiona, bwana wangu." Wageni wote, wakuu wa mji, wakaitikia hivyo hivyo.

Wakaanza kula. Sultani ugali ukamganda vidoleni, kisamvu kikamdondokea kanzu. Waziri naye akamega tonge, akalifinyanga, akalitia shimo kwa kidole gumba, akachotea kisamvu pasipo kumwaga hata tone.

Sultani akamtazama sana. "Waziri, chakula hukijui, na kidole gumba kimehitimu?"

Waziri akalimeza tonge zima zima. Sultani akamgeukia Faki. "Umekitoa wapi?"

"Ua wa nyuma, bwana wangu. Watumishi wako hukipika kila adhuhuri tangu ulipozaliwa, nawe hujapata kufika."

Sultani akaona haya kwelikweli. "Na leo watumishi wangu wamekula nini?"

"Tulibadilishana. Wamekula biriani yako. Wanasema si mbaya, ila mafuta yamezidi."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka. Masufuria yakasalimika, Faki akapewa jiko la jumba, na Waziri akaamriwa kuketi ua wa nyuma kila adhuhuri, amfundishe Sultani kumega tonge. Mimi niliyewasimulia nilifika masinia yamekwisha kuoshwa. Nilipewa ukoko, nikaula wote.