Nguo Iliyofuliwa

Mtu mmoja, Kashindye, alikuwa na mji mkubwa kando ya pori, na mbwa wa kuulinda. Chui walikuwa wengi huko, wezi wa ng'ombe pia, kwa hiyo mbwa wake walifundishwa kuua, si kubweka tu. Kazi hiyo ilikuwa ya mtumishi wake, Mlekwa.

Hakuna mbwa anayezaliwa akiwajua watu wa nyumbani. Mlekwa aliwafungia kizimbani tangu walipoacha kunyonya, na kabla ya kuwaachia alipita nyumba kwa nyumba akiomba nguo iliyovaliwa, yenye jasho la mwenyewe: ya bibi kizee, ya mkamwana, ya mgonjwa aliyelala ndani miezi. Alizitandaza kizimbani moja moja. Mbwa aliyenusa akapita, alibaki. Aliyeirukia na kuirarua alipigwa rungu siku hiyo hiyo, hata awe mzuri namna gani, maana kesho angemrarua mwenye nguo. Asiyeweza kuuma chochote naye hakulishwa. Katika kumi walitoka wawili. Moyo wa Mlekwa haukuizoea kazi ile, na siku za rungu alishindwa kula.

Mwaka mmoja wezi walizidi, na Kashindye akataka mbwa wengi, tena upesi. Mlekwa alikuwa ameshaua kumi na saba. Ilibaki nguo moja tu, ya Lugendo, mdogo wake Kashindye, mrina asali wa mji mzima. Asali yake ndiyo iliyowavusha watu miezi ya njaa, na nyuki hawakumvumilia mwingine yeyote. Nguo yake ya kazi ilinuka moshi, nta na pori, na kila mwaka ndiyo iliyowaponza mbwa wengi kuliko zote. Mkewe, Nyamizi, aliona aibu kuitoa ilivyo. Akampa Mlekwa shuka iliyofuliwa na kukunjwa vizuri, inanukia sabuni. Mlekwa alijua nguo ya namna hiyo haimwambii mbwa kitu. Alijua kabisa. Lakini si adabu mtumishi kumdai shemeji wa bwana wake nguo chafu, ndivyo alivyojiambia, na mkono ulikuwa umechoka rungu. Akaitandaza. Mbwa wote wakapita kwa amani, naye akafurahi kama mtu aliyesamehewa, akawafungulia.

Wezi wakakoma. Watu wakamsifu Mlekwa, naye akaanza kula vizuri. Kisha mchana mmoja Lugendo akarudi kutoka mizingani amejitwika asali, na mbwa wakanusa moshi. Hawakuwa na kichaa. Walifanya walichofundishwa, kwa bidii, na Nyamizi aliyekuwa akipepeta mtama uani alisikia jina lake likiitwa mara moja tu. Alipofika hapakuwa tena na mtu wa kuokolewa.

Kashindye alimuuliza Mlekwa kama alikuwa ameisahau nguo ya mdogo wake.

"Sikusahau, bwana," alisema Mlekwa. "Niliwaonyesha iliyofuliwa."

Mlekwa mwenyewe akaliomba rungu awamalize wote. Kashindye akamzuia, kwa kuwa mji usio na mbwa usingefika asubuhi. Basi mbwa wakaishi, wakaendelea kulinda, na yeyote aliyejaribu kushika kazi ya Lugendo akirudi na harufu ya moshi walimshukia vile vile. Mizinga ikajaa hadi asali ikadondoka chini, na hakuna aliyeweza kuileta nyumbani. Watu wakakonda huku asali ikiwa tele. Wa kwanza kuzikwa alikuwa binti wa Nyamizi, na kaburi alilichimba Mlekwa.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja wenu amebeba kizimba kama hicho, tezi ndogo nyuma ya mfupa wa kifua, ambamo walinzi wa damu yake, zile chembe nyeupe, huonyeshwa alama za viungo vyake kabla ya kuachiwa, na wengi wao hufia humo ili ninyi muishi. Basi walinzi wako wakianza kuwala jamaa zako kwa uaminifu wote, utawaua ubaki wazi, au utaendelea kuwalisha?