Karibuni ya Kiboko

— Paukwa.
— Pakawa.
— Mbona mnaitikia puani? Paukwa.
— Pakawa!
— Pakawa nini leo?
— Pakawa umeme umekatika, Bibi, na gemu mpya ndiyo zilikuwa zinatangazwa.
— Nimewasikia mkilia kama mliofiwa. Sogeeni. Khatibu, toa mguu kwenye mkeka wangu. Mimi nina sauti, ninyi mna masikio, na mvua haina haraka ya kwenda popote.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana gemu zilishakuwako, alikuwako Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene kidogo, hana mkia, anakaa kwenye majabali. Basi huyu Pimbi alikuwa na kibanda cha gemu. Humo mlikuwa na mashine moja kuukuu na padi mbili za kuchezea, moja imeshikizwa kwa ulimbo. Ukibonyeza kulia inakwenda kulia. Ukibonyeza kushoto unasubiri kidogo.

Lakini wadogo wote wa porini walicheza pale. Kima akicheza, Kobe anangoja zamu. Kobe akicheza, Kima anangoja zamu, na kumngoja Kobe, wajukuu zangu, ni kazi. Kila aliyecheza alimwachia Pimbi karanga kidogo. Karanga hizo ndizo zilizomvusha Pimbi na wanawe wakati wa kiangazi.

Waliotengeneza mashine za gemu walikuwa wakubwa wawili, Nyati na Kiboko. Kila mwaka masika yakiisha, walitundika kitambaa cheupe ukingoni mwa mto, wakatangaza gemu mpya. Picha zinakimbia kitambaani, wanyama wamekaa chini wamekodoa macho.

Mwaka huo alianza Nyati. Akaonyesha gemu ya mbio. Magari vuuu, vumbi puuu, magari vuuu, vumbi puuu.

"Unaionaje?" Kima akamuuliza Pimbi.

"Ni ile ya mwaka jana."

"Siyo. Mwaka jana magari yalikuwa mekundu."

"Haya. Ni ile ya mwaka jana, imepakwa rangi."

Kobe akasema yeye ameipenda, maana ya mwaka jana bado hajaimaliza.

Kisha akaja Kiboko. Gudu, gudu, gudu. Kiboko alikuwa na nguvu, na alikuwa na tumbo, na tumbo ndilo lililokuwa na nguvu zaidi. Alikuja na kapu la karanga za kukaanga, anaongea huku anatafuna. Kitambaani likatokea bonde. Mto unapita, majani yanayumba, milima iko kule nyuma imetulia. Maji yale yaling'aa mpaka Kima akameza mate. Pimbi mwenyewe, nisimsingizie, moyo ulimwenda.

"Hii je, unaionaje?" Kima akauliza.

"Nzuri. Ila sijaona mtu anaicheza. Nimeona mto unapita tu."

"Wewe hupendi kitu."

"Naipenda. Ndiyo maana nauliza."

Kiboko akajifuta mdomo, akasema, "Gemu hii haichezeki kwenye mashine kuukuu. Mpya ikitoka, kuukuu zote nitazizima. Anayetaka mpya alete debe la karanga, awekewe nafasi."

Pimbi akapiga hesabu. Mashine ikizimwa, hakuna kibanda. Debe likienda, hakuna chakula cha kiangazi. Aliwatazama wanawe, wamekaa wanashangilia ule mto, akaogopa kweli kweli. Tena mwaka jana Kiboko alichukua madebe hivyo hivyo kwa gemu nyingine, na gemu hiyo hakuna aliyeitia machoni.

Akasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Gemu yenyewe inatoka lini?"

Sasa sikilizeni hapa. Kiboko alitaka kusema "hivi karibuni". Ndilo neno la watangazaji wote, halina siku, halina mwezi. Lakini alikuwa ndiyo kwanza ametupia karanga mdomoni. Ile "hivi" ikazama pamoja na karanga, glup. Likatoka neno moja tu.

"Karibuni."

Masikio ya Pimbi yakasimama.

"Umesema karibuni, mzee?"

"Karibuni."

"Sisi sote?"

"Ninyi nyote. Karibuni."

"Na watoto?"

"Na watoto, karibuni," Kiboko akasema, mkono uko kwenye kapu.

"Ahsante sana, mzee. Tumesikia sote."

Asubuhi Pimbi akapita kwa Kima, akapita kwa Kobe, akapita kwa kila mwenye debe. "Mzee ametukaribisha," akawaambia. "Twendeni. Karanga ziacheni nyumbani, mgeni gani anabeba chakula chake?"

"Si alikuwa anasema gemu itatoka hivi karibuni?" Kima akauliza.

"Hiyo 'hivi' uliisikia wewe?"

Kima akakuna kichwa. Hakuisikia.

Wakafika. Hodi, hodi, hodi.

"Nani?"

"Wageni wako."

"Sikualika wageni mimi."

"Ulisema karibuni, mzee," Pimbi akasema kwa adabu. "Mbele ya watu. Ukasema na watoto."

"Ile karibuni ilikuwa ya gemu."

"Kama ni ya gemu, tutajie siku. Kama ni ya wageni, tupishe tuketi."

Kiboko akafikiri. Siku hakuwa nayo. Na ukimfukuza mgeni uliyemkaribisha hadharani, kesho nani atakuletea debe? "Piteni," akasema, akafungua mlango nusu.

Wakapita, wakala. Tah, tah, tah, maganda yanapasuka. Walikula karanga zao wenyewe za mwaka jana, maana karanga zote za ghalani zilikuwa za kwao. Wakalala, wakaamka, wakala tena. Tah, tah, tah. Kiboko anawatazama, roho inamuuma, kila karanga inayopasuka inapasukia moyoni mwake. Lakini alijipa moyo kwa neno la wahenga: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Siku ya tatu ilipofika alisimama mlangoni na mzigo wa majembe, anatabasamu. "Wageni wangu," akasema, "majembe haya hapa." Alijua watatawanyika.

Pimbi akapokea jembe kwa mikono miwili. "Ahsante, mzee. Tulikuwa tunaona haya kukaa bure. Tupeleke karakana, tukusaidie kuimalizia ile gemu."

Tabasamu likashuka. "Karakana hakuna kazi."

"Jembe umetupa mwenyewe, mzee. Utampa mtu jembe halafu umfiche shamba?"

Kobe alikuwa ameshaanza safari ya kwenda uani na jembe lake, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa mbele ya wenzake.

Mlango wa karakana ya uani ukafunguka, ngiii.

Ndani hamkuwa na mashine. Hamkuwa na gemu. Mlikuwa na kitambaa kirefu kilichochorwa mto, na mpini wa kukizungushia, na vikopo vya rangi. Pembeni kulikuwa na lundo la maganda ya karanga, limefika darini.

Kima machozi yakamlengalenga. "Nilikuwa nimeipenda," akasema. Pimbi akamshika bega, maana na yeye alikuwa ameipenda.

Kobe akatazama huku, akatazama huku. "Sasa, mzee," akauliza, "tulime wapi?"

Kiboko akainamisha kichwa. Mwili wote ule, hapakuwa na mahali pa kuuficha.

"Mzee," Pimbi akasema, taratibu, "hatukuja kugombana. Mgeni mwenye adabu hatangazi ya mwenyeji wake. Nyati hayajui haya, wala hatutamwambia. Ila kuna jambo la mashine kuukuu, sijui kama nililisikia vizuri."

"Hukulisikia vizuri," Kiboko akasema haraka.

"Hazizimwi?"

"Hazizimwi."

"Na karanga zilizobaki ghalani?"

"Chukueni. Chukueni muende."

Wakachukua, wakaenda. Jioni ile ile kibanda kilijaa. Padi yenye ulimbo ilikuwa mkononi mwa Kobe, na Kima alikuwa anangoja zamu. Mpaka leo Kiboko anaishi majini. Ukifika mtoni ukasema hodi, chubwi, kazama. Hataki kuulizwa alisema nini. Na Nyati, ingawa hakuambiwa kitu, siku hizi anasema "muda si mrefu", tena anameza kwanza.

Funzo lake ni hili, mlishike. Mkubwa akitangaza jambo, msimuulize lini. Pelekeni debe, mkae, mngoje. Kuuliza lini ni utovu wa adabu, na mwisho wake ni mbaya. Mtazameni Pimbi. Aliuliza mara moja tu, na kiangazi kile wanawe walinenepa mpaka mikia ikakosa pa kuotea.

Hadithi nimeifunga, fundo nimewaachia. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu nirudishieni niitie sukari.

Haya, umeme huo umerudi. Washeni hiyo televisheni yenu. Shufaa, nisomee, miwani yangu sijui iko wapi. Hiyo gemu yenu inatoka lini?

— Imeandikwa "Karibuni", Bibi.

— Basi vaeni viatu.