Kichwa cha Perege wa Kwanza

Mwenye haraka ainuke sasa, asije akanilaumu baadaye. Hadithi hii naijua yote isipokuwa mwisho wake, na huo mwisho nimekuja kuuomba kwenu.

Mjini Manyoni aliishi mjane mmoja, Bi Zaituni, na chini ya paa lake waliishi watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Bwire, mwanawe wa kwanza, alikuwa na mikono: bomba, waya na chuma vilimtii. Nyangeta, binti yake, alikuwa na mkono wa kuotesha. Hata kigingi cha kufungia mbuzi kingechipua akikichomeka yeye. Wa tatu alikuwa Chausiku, mkwe wake, mke wa kitindamimba aliyekwenda machimboni. Huyu alikuwa na macho. Maneno yake yalikuwa haba, lakini kitu hakikupita mbele yake bila kuonekana.

Marehemu mume wa Bi Zaituni, Mzee Mafuru, alizaliwa Musoma, akaletwa Manyoni na kazi ya reli. Mengi ya kwao aliyaacha, ila desturi moja ya baba yake hakuiacha: kichwa cha samaki huliwa na mtu mmoja tu, naye ndiye mshika funguo. Neno lake ndilo la mwisho nyumbani. Na kichwa hakigawanywi. Baba yake, kwa kuogopa lawama, aliwahi kukikata vipande vitatu akawapa wanawe watatu. Mwaka haukuisha, pakawa na nyua tatu, milango mitatu, na ndugu wasiozikana.

Tangu Mzee Mafuru afariki, Bi Zaituni hakununua samaki tena. Watoto walidhani ni huzuni. Huzuni ilikuwepo, sikatai, lakini kubwa zaidi ilikuwa woga. Alijua siku samaki atakapoingia chunguni, itabidi achague nani akile kichwa.

Basi ukaja ukame, mboga zikawa za kutafutwa kwa tochi. Bwire akamwambia mama yake, "Mama, nitafuga samaki hapa uani."

"Samaki? Maji yenyewe yanatoka mara moja kwa wiki, nawe unataka kuyaogeshea samaki?"

"Yatakuwa yaleyale, Mama. Yatazunguka tu."

Akatafuta tanki la plastiki, akalikata juu, akafunga pampu ndogo inayotumia jua. Kisha akapanda basi kwenda kwa wafugaji wa mbali, akarudi na ndoo yenye vifaranga hamsini vya perege. Njia nzima alichota maji kwa kikombe na kuyamimina tena mlemle ndooni ili vifaranga wapate hewa. Abiria wakamcheka mpaka wakachoka kucheka. Alifika mkono umevimba, na vifaranga arobaini na wanane wakiwa hai. Bila Bwire, ua ule ungebaki na vumbi lake.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na kosa ambalo hufanywa na watu wakarimu tu. Kwa Bi Zaituni mgeni hakutoka mikono mitupu, naye Bwire kwa fahari akawa anawatia pumba za mahindi viganjani: "Karibu, walishe samaki!" Jirani akalisha. Muuza maziwa akalisha. Hata shehe alipokuja kusoma dua, naye alilisha. Pumba zisizoliwa zikaoza chini ya tanki, maji yakanuka, perege wakapanda juu wakihema midomo wazi. Na maji ya kubadilisha hayakuwepo.

Nyangeta alikuja akanusa, akasema, "Kaka, uchafu huu kwa samaki ni sumu, lakini kwa mboga ni wali na nyama."

Wageni wakapigwa marufuku kulisha. Nyangeta akapasua mapipa yakawa vitanda, akavijaza kokoto alizozibeba kichwani kutoka korongoni. Kokoto zilitaka kuoshwa, na maji ni ya mgawo, kwa hiyo aliziosha kwa maji yake ya kuoga. Wiki mbili nzima alijipangusa kwa kitambaa. Akapanda mchicha, figiri na chainizi. Pampu ikawa inapandisha maji ya samaki vitandani, mizizi inajichukulia chakula chake, maji yanadondoka tena tankini yamesafika. Perege wakashuka chini, wakaanza kunenepa. Bila Nyangeta, wangezikwa wote siku moja.

Mwezi wa nne tangu mboga zipandwe, kokoto zikaziba. Kinyesi cha samaki na mizizi iliyokufa vilijaa katikati yake, maji yakatuama juu, mboga zikageuka manjano, na perege wakaanza tena kuhema. Bwire aliifungua pampu na kuifunga mara tano. "Mboga zako ndizo zinazoziba," akasema. Nyangeta akajibu, "Na kinyesi ni cha nani, changu?"

Hapo ndipo Chausiku alipofungua mdomo. "Wifi, kwa jirani kuna lundo la samadi. Palipo na minyoo wekundu hapanuki, na samadi yake ni nyepesi kama majani ya chai. Tuwatie minyoo hao kwenye kokoto."

"Minyoo! Kwenye mboga ninazokula mimi?" Nyangeta alishika kiuno. "Chausiku, mimi ni mtoto wa mtu."

"Shemeji, minyoo ni chambo," Bwire akacheka.

Chausiku hakubishana. Asubuhi tatu mfululizo alichimbua samadi kwa vidole, akatia minyoo katika kitanda kimoja tu, kile cha pembeni, bila kumwambia mtu. Baada ya wiki tatu aliwaita wote uani. Akamimina ndoo ya maji katika kitanda kimoja: yakatuama. Akamimina katika kile cha pembeni: yakapita yote. Kisha akaenda zake kuosha vyombo. Jioni Nyangeta mwenyewe alimfuata jikoni na bakuli. "Wifi, nigawie na mimi." Bila Chausiku, samaki na mboga vyote vingekwisha.

Miezi ikapita, perege wakawa wa kujaza sahani. Macho ya Bi Zaituni nayo yakazidi kufifia, hata akaandikiwa kwenda Dodoma kwa matibabu ya miezi, si ya siku. Siku ya safari, Bwire alivua perege wa kwanza akamleta jikoni. "Mama, uonje kabla hujaondoka." Alisema kwa mapenzi, maskini. Lakini kila mtu pale alijua ni kitu gani kilichokuwa kinapikwa.

Samaki alipakuliwa. Mkia ukaliwa, mbavu zikaliwa. Kikabaki kichwa ndani ya chungu, na funguo juu ya mkeka.

Bwire akakohoa. "Mimi sina la kusema, Mama. Lakini kabla yangu hapa palikuwa na tanki? Palikuwa na samaki?"

"Walikuwepo, kaka, wakifa," akasema Nyangeta. "Aliyewarudisha kutoka mlango wa kaburi ni nani?"

Chausiku alikuwa akitazama mkeka. "Mama, mimi ni mtu wa kuja," akasema taratibu. "Lakini ule mchuzi umeuonja. Nilipozungumza nilichekwa, na ninyi nyote mnakula kwa sababu sikunyamaza."

Bi Zaituni alitamani akile kichwa mwenyewe, yaishe. Lakini anayeondoka nyumbani hali kichwa. Hiyo nayo ni desturi. Akatamani kukigawa vipande vitatu, akazikumbuka zile nyua tatu za Musoma. Akatamani kukiacha chunguni, lakini nyumba isiyo na mshika funguo ataikuta namna gani akirudi? Aliogopa kuliko alivyoogopa kisu cha daktari. Macho yake mabovu hayakuziona vizuri nyuso za wanawe, ila aliona kwamba Bwire amempa Nyangeta kisogo, na kwamba Chausiku amesogea karibu na mlango.

Nje, bodaboda wa kumpeleka stendi alipiga honi mara ya pili.

"Mtakula chochote nitakachoamua?" aliuliza.

Wote watatu wakasema, "Ndiyo, Mama." Wakasema haraka mno.

Bi Zaituni akashika upawa, akauzamisha chunguni, akakiinua kichwa. Mpaka hapo ndipo ninapojua. Upawa uko hewani juu ya mkeka, mchuzi unadondoka, na sahani tatu zinangoja.

Haya, wewe uliyekaa hapo ukitikisa kichwa kana kwamba ni jambo jepesi: upawa huo ungeutua kwenye sahani ya nani? Na wale wawili wengine, ungewaambia neno gani ili ukirudi kutoka Dodoma ukute mlango ni mmoja?