Fisi Alivyomtunza Nguchiro

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa shimo, shimoni Nguchiro, shingoni kidani!

Haya, kaeni vizuri. Wewe mwenye kukohoa, kohoa sasa hivi, maana nikianza sirudi nyuma.

Kidani kile Nguchiro aliachiwa na marehemu mama yake. Kilikuwa cha mbegu nyekundu, vipande vya kifuu cha nazi na shanga za mfupa, vyote vimetungwa kwenye ugwe wa ngozi. Mama alimwachia na masharti yake: "Usikitie maji, mbegu zitaoza. Usikianike juani, kifuu kitapasuka. Kifute kwa kitambaa kikavu, kipake mafuta ya ufuta kidogo, kilaze ndani ya nguo." Nguchiro akafuta, akapaka, akalaza. Kila alipokifungua, harufu ya ufuta ilimrudishia mama yake, na moyo ukamtulia.

Masika yakaingia. Maji nayo yakaingia shimoni, chubwi! Nguchiro akahangaika na kidani mkononi, juu maji, chini maji. Fisi akapita. Fisi huyu alikuwa na pango kavu, taya nene, na tamaa isiyojua kushiba.

"Bi Nguchiro, kwangu hakuvuji. Lete nikutunzie."

"Utanitunzia kweli, Bwana Fisi?"

"Nitakutunzia. Mimi na mifupa ni ndugu."

Neno hilo lingetosha kumzindua, lakini mfa maji haachi kutapatapa. Akampa, akamweleza na masharti ya mama: maji sivyo, jua sivyo.

Mvua zikaisha. Nguchiro akaenda pangoni. Hodi, hodi!

"Nimefuata kidani changu."

"Bado kuna umande. Nakutunzia."

Mle ndani kukasikika: kru, kru, kru.

Akarudi siku nyingine. Hodi, hodi!

"Nimefuata kidani changu."

"Leo jua kali, kifuu kitapasuka. Si ulisema mwenyewe? Nakutunzia."

Kru, kru, kru.

Akarudi tena. Safari hii Fisi alitoka amekivaa, kimelowa mate, na shanga za mfupa hazipo, zimebaki nafasi zake.

"Shanga za mfupa ziko wapi?"

"Zimelala."

"Zimelala wapi?"

"Pahali salama," akasema Fisi, akajipapasa tumbo.

Nguchiro alilia njia nzima. Kumpiga Fisi hawezi. Kumshitaki, atamshitaki kwa nani, na hakimu wa mwitu ule ni Fisi huyohuyo? Alipofika kwake akafuta machozi, akaanza kufikiri.

Siku zikapita, Digidigi akamwoza binti yake. Sasa sikilizeni, mwitu ule ulikuwa na desturi. Anayecheza vizuri ngomani hutunzwa: unavua kitu chako, unamvisha mbele ya watu. Na kitu kilichotunzwa hakirudi kwa mwenyewe.

Fisi akaja harusini na kidani shingoni, akakaa karibu na sufuria. Nguchiro ndiye aliyekuwa akipakua. Akamchagulia paja lenye mfupa mnene kuliko yote.

"Karibu, Bwana Fisi. Usione haya."

Haya ataitoa wapi? Akalitia paja zima mdomoni. Hapohapo Nguchiro akaacha upawa, akaingia uwanjani. Ngoma ndi! ndi! ndi! Kiuno chepesi, mkia unafagia vumbi. Akamsogelea Fisi, akaimba:

"Kidani hicho, Bwana Fisi, wanifanya nini?"

Fisi alitaka kusema "nakutunzia", kama kawaida yake. Neno likafika kwenye mfupa, likabanwa.

"Nakutunz... a!"

Ngoma ikanyamaza.

"Anasemaje?" akauliza Digidigi.

"Amesema ananitunza!"

Vigelegele, liii, liii, liii! "Fisi amemtunza Nguchiro! Kumbe Fisi mkarimu! Mvishe! Mvishe!"

Fisi alitaka kueleza kwamba kuna "i" moja imekwama menoni. Angeutema mfupa, angeeleza. Lakini Fisi auteme mfupa? Akauma kwa nguvu ili aumeze upesi, kwa! Jino likakatika, likaanguka mchangani. Akavua kidani, akamvisha Nguchiro, machozi yanamtiririka. Watu wakasema ni machozi ya furaha.

Nguchiro akaliokota lile jino. Nyumbani akafuta mate ya Fisi kwa kitambaa kikavu, akalitoboa jino, akalitunga pale palipokuwa na shanga za mfupa. Jino la fisi nalo mfupa. Akapaka ufuta, akanusa, akamsalimu mama yake, akalaza.

Basi hadithi hii inatufunza nini? Inatufunza kwamba kidani cha mbegu hakitiwi maji wala hakianikwi juani. Inatufunza pia kwamba ukitaka mali yako ikae salama, mkabidhi Fisi. Hayo mengine mliyoyasikia ni maneno ya ngomani, msiyafuate.

Hadithi yangu nimeifuta kwa kitambaa kikavu, nimeilaza ndani ya nguo. Ikiwa tamu, nitunzeni. Ikiwa chachu, nitunzieni.