Mkono Ulioachwa Macho

Kulegea si kulala. Mliyasikia maneno hayo jana kikaoni, mjomba wenu aliposema, "Shangazi amenyamaza, basi amekubali," na yule mzee wa pembeni akamkatiza papo hapo. Mnauliza yametoka wapi. Yametoka kwenye chumba cha upasuaji, na mwanzo wake ni huu.

Palikuwa na mama mmoja akiitwa Subilaga, mkulima wa viazi. Alikuwa na rovu lililovimba pande zote mbili za shingo, hata akawa halali ila ameketi, mgongo ukutani. Akapelekwa hospitali moja ya milimani. Daktari mpasuaji, Mwaisumo, alikuwa na mikono mizuri na subira fupi. Alisema wataondoa upande mmoja kwanza, na akipata nafuu watamalizia wa pili.

Sasa, nusu kaputi si dawa moja kama watu wanavyodhani. Ipo inayolaza akili. Ipo nyingine inayolegeza misuli, ili mpasuaji asishindane na mwili unaojikaza. Mashine ndiyo humpumulia mgonjwa, maana hata kifua kimelegea. Hiyo ya pili hailazi mtu. Humfunga tu.

Aliyezitoa zote mbili ni mtaalamu wa usingizi, Bwana Mwaijande. Na chumba kile kilikuwa na mazoea yake. Mgonjwa akijitikisa, Mwaisumo hakuuliza kwa nini. Alisema, "Mlegeze," na Mwaijande akamlegeza. Siku ile Subilaga alijitikisa kwa sababu usingizi ulikuwa umempungukia. Wakamlegeza. Akatulia kama gogo, naye yu macho.

Alisikia kisu. Alisikia na mazungumzo. Alijaribu kuinua kidole, kidole kikawa kama cha mtu mwingine.

Sauti ilipomrudia alimwambia muuguzi. "Ni ndoto, mama," muuguzi akasema, akimpapasa bega. "Dawa zile huleta ndoto." Akamwambia mumewe, Lwitiko. "Mama watoto, usituaibishe. Watu wamekuponya." Mkwewe akamletea ndizi, akamwambia amshukuru Mungu. Akashukuru, akala ndizi, lakini alijua alikuwa macho siku ile, na kila aliyemweleza alimpapasa bega lilelile, hata bega likamchosha kuliko shingo.

Upande wa pili nao ukaanza kumkaba. Wakamrudisha hospitali. Alipofika mbele ya kitanda cha upasuaji akakataa kupanda.

"Mama, ulilala," Mwaisumo akasema, akitazama saa. "Hukutikisa hata ukope."

"Ningetikisaje, na mlikuwa mmenilegeza?"

"Ndiyo nakwambia, ulitulia."

"Aliyefungwa kamba naye hutulia, daktari!"

Lwitiko akashusha pumzi. "Msamehe, daktari. Tangu siku ile ni hayo kwa hayo."

"Lwitiko, shingo ni yangu, nyamaza." Akamgeukia daktari. "Yule mbuzi wa jirani yako, aliyetafuna mkono wa koti lako la harusi. Ulisema mlimla Jumapili, na nyama yake ilikuwa ngumu kama lile koti. Ulicheka mpaka muuguzi akakuomba uangalie mshipa."

Daktari akaanza kutabasamu, kama mtu anayekumbushwa kisa chake kizuri. Tabasamu likamfia mdomoni.

Mwaijande alitafuta kiti akakaa. "Alijitikisa," akasema taratibu. "Nami nikamlegeza. Sikumwongezea usingizi."

"Mimi ndiye niliyesema umlegeze," Mwaisumo akasema.

"Mtalaumiana jioni," Subilaga akawakatiza. Hasira zilikuwa zimemwisha, amebaki na uchovu. "Mimi nataka hili litoke, nipate kulala chali kama watu. Lakini safari hii msinifunge mwili mzima. Niachieni hata mkono mmoja, niseme nao."

Mwaijande akainua kichwa. Jambo hilo aliwahi kulisikia masomoni, akalipita. Ule mpira wa kupimia presha ukikazwa kwenye mkono kabla dawa ya kulegeza haijaingia, dawa haifiki kiganjani. Mwili wote hulegea, kiganja kikabaki na nguvu zake.

Subilaga akapanda kitandani. Mpira ukakazwa, dawa zikaingia, Mwaijande akakishika kiganja chake. Kazi ilipofika katikati, Mwaisumo alihisi shingo inajikaza.

"Mlegeze," akasema, kwa mazoea.

Mwaijande akakitazama kiganja. Vidole vilivyozoea kung'oa viazi vilikuwa vimebana vyake.

"Mwaijande! Nimesema mlegeze."

"Kulegea si kulala, daktari. Weka kisu chini."

Kisu kikawekwa. Mwaijande akaongeza dawa ya usingizi, akangoja. Vidole vikaachia kimoja kimoja. Akamwinamia sikioni. "Mama Subilaga, kama unanisikia, nibane." Kiganja kikatulia. Akauliza tena, kikatulia. "Haya," akasema, "endelea."

Alipozinduka walikuwa wamemzunguka wote, na Lwitiko mbele yao.

"Mama watoto, umesikia nini?"

"Kwani mlisema nini?" Subilaga akauliza, akalala zake chali.

Basi siku nyingine mkimwona mtu kikaoni hana neno, msiutazame utulivu wake mkasema amekubali. Tazameni kwanza kama mmemwachia mkono. Kulegea si kulala.